Vyungu vya Bustani ya Kivuli: Kutambua Kasoro kwa Dalili Zake

Mmea uliopandwa kwenye chungu kivulini unapoanza kudhoofu, lawama ya kwanza huangukia uhaba wa jua. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki, lakini katika visa vingi kasoro imo ndani ya chungu chenyewe: kuta zake hazipitishi hewa, ukubwa wake unazidi mahitaji ya mizizi, au matundu yake hayatoshi kutoa maji. Juani kasoro hizo husitirika, kwa kuwa joto na upepo hukausha udongo kabla maji ya ziada hayajaleta madhara. Kivulini majani hutoa mvuke kidogo, udongo hukauka polepole, na maji yaliyomwagiliwa leo yanaweza kuwa yangali humo wiki moja baadaye. Kwa hiyo anayechagua chungu cha mahali pa kivuli asiulize kinatunza maji kiasi gani, bali kinayaachilia kwa wepesi gani. Ipo hali moja inayogeuza kanuni hii, nayo ni kivuli cha chini ya miti, ambacho kitaelezwa mahali pake.

Kwanza, ni kivuli cha namna gani?

Dalili moja inaweza kuwa na vyanzo viwili tofauti kutegemea kivuli kilichopo, hivyo uchunguzi hauna budi kuanzia hapo. Kivuli cha ukuta au cha jengo refu kwa kawaida huwa na unyevu, kwa sababu mvua hukifikia ilhali jua halikifikii. Kivuli cha mti huwa kikavu zaidi, kwa kuwa matawi hukinga sehemu ya mvua na mizizi hunyonya kile kinachopenya. Ikiwa una shaka, weka bakuli mbili zinazofanana wakati wa mvua, moja chini ya mti na nyingine mahali pa wazi, kisha linganisha maji yaliyokusanyika. Tofauti huwa kubwa kuliko wengi wanavyodhani, hasa mvua inapokuwa ya rasharasha.

Kiasi cha mwanga nacho hupimwa kwa urahisi. Saa sita mchana, shika kiganja chako juu ya karatasi nyeupe, kwa umbali wa kama sentimita 30. Kivuli cha kiganja kikionekana kwa kingo kali, mahali hapo pana mwanga wa kutosha. Kikionekana kwa ukungu ukungu, mwanga ni wa wastani. Kisipoonekana kabisa, hapo ni kiza kwa mimea mingi, na hakuna chungu kitakachotibu hali hiyo.

Udongo haukauki, na majani ya chini yanageuka manjano

Hii ndiyo dalili inayojitokeza zaidi katika bustani za kivuli, na kwa kuwa vyanzo vyake ni vingi, inafaa ifuatiliwe kwa utaratibu badala ya kubahatisha. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Ikiwa zimepita siku nne au tano tangu umwagilie na kidole bado kinatoka na tope, mmea unakaa majini. Acha kumwagilia, kisha utafute kinachozuia maji yasitoke.

Anzia chini. Inua chungu, au kilaze ubavu ikiwa ni kizito, utazame matundu. Chungu chenye upana wa sentimita 30 kinahitaji matundu kadhaa yenye upana wa kama sentimita moja kila moja. Tundu moja dogo katikati huzibwa na mizizi au na udongo ulioshindiliwa. Tatizo ambalo watu wengi hawalioni ni la chungu chenye kitako bapa kilichowekwa juu ya sakafu laini ya saruji: matundu yapo, lakini sakafu yenyewe ndiyo kizibo. Kukiinua kwa sentimita mbili au tatu, kwa vipande vitatu vya kigae au vijiwe vya kimo kimoja, mara nyingi hutosha kuponya mmea uliokuwa umekatiwa tamaa. Vipo pia vyungu ambavyo matundu yake yametobolewa ubavuni, juu kidogo ya kitako, na hivyo kubakiza kidimbwi ndani. Hivi hutambuliwa kabla ya kupandwa kwa kumimina gilasi ya maji ndani ya chungu kitupu kilichosimama sawasawa. Maji yanayobaki ndani ndiyo yatakayoozesha mizizi.

Vyungu vya kauri vyenye kung'aa huuzwa mara nyingi bila tundu lolote. Vinaweza kutobolewa kwa drili, mradi itumiwe ncha ya kutobolea vigae, mwendo uwe wa polepole bila kuwasha mfumo wa kugonga, mahali pa kutoboa pabandikwe utepe wa gundi ili ncha isiteleze, na maji yadondoshewe hapo ili kupunguza joto. Asiyetaka kuhatarisha chungu cha thamani namna hiyo akitumie kama vazi la nje tu: mmea ukae katika chungu cha plastiki chenye matundu, nacho kitumbukizwe ndani ya kile cha kauri. Sharti lake ni kumwaga maji yanayotuama chini kila baada ya kumwagilia na kila baada ya mvua, kazi ambayo husahaulika haraka, na ndiyo maana mpangilio huu hufaa zaidi kwenye baraza lililoezekwa kuliko uwanjani.

Matundu yakiwa mazuri, angalia ukubwa wa chungu. Ni kawaida kununua chungu kikubwa kwa nia ya kuupa mmea nafasi ya kukua, na juani nia hiyo haina madhara makubwa. Kivulini mimea mingi hukua polepole, na udongo ambao mizizi haijaufikia hauna wa kuunyonya maji. Hubaki umelowa kwa muda mrefu, hewa ndani yake hupungua, nao huanza kunuka. Unapouhamisha mmea, chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita tatu hadi tano tu za upana. Ikiwa mmea mdogo tayari umo kwenye chungu kikubwa na hutaki kuusumbua, panda mingine pembeni yake ili mizizi iuenee udongo wote.

Umbo nalo lina athari, ingawa wauzaji hawalitaji. Udongo wowote uliomo kwenye chungu hubakiza chini tabaka lililojaa maji hata baada ya matundu kuacha kudondosha, na kimo cha tabaka hilo hutegemea udongo wenyewe, si urefu wa chungu. Sifongo ya kuoshea vyombo huonyesha jambo hili vizuri: ilowanishe, ilaze bapa hadi iache kudondosha, kisha isimamishe wima, nayo itaanza kudondosha tena. Kwa hiyo ikiwa tabaka la maji lina kimo cha sentimita tano, chungu chenye kina cha sentimita 12 kina karibu nusu ya udongo wake majini, ilhali chenye kina cha sentimita 35 kina sehemu ya saba tu. Mabakuli mapana yasiyo na kina yanapendeza kwa macho, lakini kwenye kivuli chenye unyevu ndiyo chaguo baya kuliko yote, isipokuwa kwa mimea inayopenda kinamasi. Vyungu vyenye tumbo pana na mdomo mwembamba navyo vina hitilafu mbili: mvuke hautoki vizuri, na siku ya kuhamisha mmea mizizi haitapita mdomoni bila kukatwa au chungu kuvunjwa.

Hapa ndipo pa kuzungumzia kokoto zinazowekwa chini ya chungu kwa nia ya kusaidia maji kutoka, desturi ambayo imekataa kufa. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo wenye chembe ndogo kwenda kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Husubiri juu ya mpaka wao hadi udongo ujae. Matokeo yake ni kwamba tabaka la maji lile lile linabaki, ila limepandishwa juu, karibu zaidi na mizizi, na chungu kirefu kimegeuzwa kifupi. Kinachohitajika juu ya tundu ni kipande cha wavu au cha kitambaa chepesi cha kuzuia udongo usidondoke, basi.

Baada ya hayo ndipo ifuate malighafi ya chungu. Chungu cha udongo wa kuchomwa kisichopakwa kitu hutoa unyevu kupitia kuta zake, na kwa kivuli chenye unyevu hiki ndicho ningekitanguliza mbele ya vyote. Hakikisha tu kwamba hakijapakwa dawa ya kuziba vinyweleo, hasa upande wa ndani: dondosha tone la maji ukutani mwake, likinyonywa mara moja kuta zinapumua, likibaki limejikusanya zimezibwa. Plastiki, kauri, chuma na nyuzi za glasi haziachii unyevu wowote kupitia kuta, kwa hiyo zinadai udongo wenye chembe kubwa zaidi na mkono mwepesi wa kumwagilia. Mbao zipo katikati. Vyungu vyenye hazina ya maji chini, vilivyobuniwa ili mmea ujinyweshe wenyewe, vibakie juani ambako vinahitajika.

Udongo wenyewe usisahaulike. Udongo wa shambani ukijazwa chunguni hushikamana na kubaki mzito; mchanganyiko wa kivulini uwe na mboji pamoja na kitu cha kuufanya uwe na nafasi za hewa, kama vile vipande vya magome, mchanga wenye chembe kubwa au kokoto nyepesi za volkano. Mchanga laini haufai, kwa kuwa hujaza zile nafasi ulizokuwa unazitafuta.

Mmea unanyauka ingawa udongo umelowa

Dalili hii huwapotosha watu kwa sababu inafanana na kiu, nao huongeza maji. Ukweli ni kwamba mizizi imekosa hewa, imeanza kuoza, na haiwezi tena kupeleka maji kwenye majani. Vimelea kama Pythium na Phytophthora hustawi katika udongo wa namna hiyo na kumalizia kazi iliyoanzishwa na maji.

Uthibitisho upo kwenye mizizi tu. Toa mmea chunguni na uangalie: mizizi mizima ni migumu kidogo na mara nyingi huwa myeupe au yenye rangi ya maziwa, ilhali iliyooza ni laini, ya kahawia au nyeusi, ina harufu mbaya, na ukiivuta ganda lake huchomoka na kuacha kiuzi chembamba mkononi. Kata yote iliyooza kwa mkasi safi, punguza na baadhi ya majani ili mizizi iliyobaki isizidiwe, kisha panda upya katika mchanganyiko mpya na, jambo ambalo wengi huona ajabu, katika chungu kidogo zaidi cha udongo wa kuchomwa. Chungu cha zamani kisuguliwe kwa sabuni na kuoshwa vizuri kabla ya kutumiwa tena. Iwapo mizizi mizima haifiki robo, ni afadhali kuchukua vipandikizi vya matawi, ikiwa mmea huo unakubali, kuliko kuuguza shina.

Udongo unakauka haraka chini ya mti, hata baada ya mvua

Katika kivuli cha mti karibu kila ushauri uliotangulia hupinduka. Mvua haifiki, upepo hupita chini ya matawi, na chungu cha udongo wa kuchomwa hukauka kabla mwenyewe hajarudi kukitazama. Hapa chungu cha plastiki au cha kauri chenye matundu ndicho kinachofaa, na kiwe kikubwa kiasi, kwa kuwa udongo mwingi huchelewa kukauka. Anayekipenda cha udongo kwa sura yake anaweza kuweka ndani yake chungu cha plastiki.

Zipo sababu mbili nyingine zinazofichika. Ya kwanza ni mizizi ya mti. Chungu kilichowekwa moja kwa moja juu ya ardhi huvamiwa na mizizi inayopanda kupitia matundu na kunywa maji uliyomwagilia mmea wako. Utaijua siku utakapojaribu kukisogeza chungu na kikakataa. Dawa ni kukiinua juu ya vigae, matofali au jukwaa dogo, na kukizungusha mara kwa mara ili mizizi yoyote iliyoanza kuingia ikatike. Kuchimba shimo chini ya mti ili kufukia chungu ndani yake hakufai, maana huumiza mti na hurahisisha uvamizi huo huo.

Sababu ya pili ni udongo uliokauka kupita kiasi hadi ukayakataa maji. Mchanganyiko wenye mboji nyingi ukikauka kabisa hunywea na kuachana na kuta za chungu, nayo maji hupita pembeni na kutokea chini huku donge la mizizi likibaki kavu. Mwenye bustani huona maji yakichuruzika na kuridhika. Tumbukiza chungu chote katika beseni la maji kwa kama nusu saa, hadi mapovu yakome, kisha kiache kichuruzike.

Majani machanga ni ya manjano, lakini mishipa yake ni ya kijani

Manjano ya namna hii, yanayoanzia kwenye majani mapya ya juu badala ya yale ya chini, ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma ndani ya mmea. Chungu cha saruji ni mshukiwa wa kwanza. Saruji mpya huachia chokaa kila inapolowa, na chokaa hupunguza asidi ya udongo hadi chuma kilichomo kisiweze kunyonywa. Mimea ya kivulini inayohitaji udongo wenye asidi, kama azalea na kamelia, huathirika mapema. Haidrenjia hutoa taarifa ya aina yake: ile iliyokuwa na maua ya buluu katika udongo wenye asidi huanza kutoa maua ya waridi.

Chungu kipya cha saruji kijazwe maji na kumwagwa mara nyingi kwa muda wa wiki kadhaa kabla ya kupandwa, au mmea uwekwe ndani ya chungu cha plastiki kisigusane na saruji. Maji magumu ya kumwagilia huleta athari ile ile polepole, na maji ya mvua ndiyo bora kwa mimea hiyo. Lakini kabla ya kukihukumu chungu cha saruji, rudia jaribio la kidole, kwa sababu mizizi iliyozama majini nayo hushindwa kunyonya chuma na kuonyesha rangi hiyo hiyo.

Shina limerefuka na kuegemea upande mmoja

Hapa chungu hakina hatia. Nafasi kati ya majani zikirefuka, majani yakawa madogo, na shina likaelekea upande wenye nuru, mmea unatafuta mwanga, na kubadilisha chungu ni kupoteza muda. Vivyo hivyo kwa mimea yenye majani ya mabaka meupe au ya njano inayoanza kutoa majani ya kijani tupu: katika baadhi yao jani lenye mabaka halina uwezo wa kutosha wa kujilisha kwenye mwanga hafifu.

Hata hivyo, uchaguzi wa chungu unaweza kusaidia kidogo. Chungu chenye magurudumu au chepesi hurahisisha kusogeza mmea na kuuzungusha robo mzunguko kila wiki ili ukue wima. Jukwaa la nusu mita linaweza kuuvusha mmea juu ya kivuli cha ukuta mfupi au ua, nalo ni bora kuliko chungu kirefu sana kilichojazwa udongo ambao mizizi haitaufikia. Rangi nyeupe au ya maziwa hurudisha mwanga kiasi kwenye majani ya chini, na kwa macho pia ina faida, kwani vyungu vyeusi na vya kahawia iliyokolea humezwa na kivuli kiasi kwamba mmea huonekana kama unaelea. Ubaya wake ni kwamba chungu cheupe hakifichi uchafu, na kivulini uchafu haukosekani. Mahali penye kiza cha kweli, badilisha mmea: kangaga, aspidistra na sansevieria huvumilia mwanga ambao maua mengi hayawezi.

Chungu kimeota ukoga, kina vumbi jeupe, au kinameguka

Ukoga wa kijani kwenye chungu cha udongo haudhuru mmea. Unaonyesha tu kwamba kuta zinapitisha unyevu, na watu wengine huupenda. Usugue kwa brashi ikiwa hauupendi, na usiuache uenee sakafuni ambako huteleza. Utando mweupe ni chumvi za mbolea au za maji magumu zinazobaki ukutani maji yanapogeuka mvuke. Kivulini mmea hula kidogo kwa kuwa hukua polepole, hivyo utando ukiongezeka upesi punguza mbolea, kisha mimina maji mengi safi yapite udongoni na kutoka. Chungu kitupu husafishika kwa maji yaliyochanganywa na siki.

Kuta zinazomeguka kwa magamba katika nchi zenye baridi ya kugandisha husababishwa na maji yaliyonyonywa ukutani kuganda na kutanuka. Kauri ngumu iliyochomwa kwa joto kali hustahimili zaidi, lakini hata hiyo hupasuka ikiwa udongo umejaa maji. Masanduku ya mbao yanayooza kitako yameketi kwenye unyevu. Yainuliwe, na ndani yatandikwe plastiki iliyotobolewa matundu. Chuma kisichopakwa zinki kitashika kutu kivulini, na hakuna la kufanya isipokuwa kukipaka rangi au kukubali maisha yake mafupi.

Wadudu wamejazana kuzunguka chungu

Vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka unapogusa udongo huzaliana katika udongo wa juu usiokauka. Acha sentimita mbili za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena, navyo vitapungua. Konokono, pamoja na wale wasio na gamba, hujificha chini ya vyungu mchana; vyungu vilivyoinuliwa hupunguza maficho yao, na kuvipindua asubuhi ili kuwaokota hufanya kazi kuliko dawa nyingi. Sahani zenye maji ndizo hatari zaidi, maana katika hali ya joto mbu hukamilisha ukuaji wake kutoka yai kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Zimwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu mayai ya baadhi ya mbu hushika kwenye kingo na kustahimili ukavu. Chungu kilichopo uwanjani, ambapo maji yakichuruzika hayaharibu sakafu, hakihitaji sahani hata kidogo.

Chungu kinaanguka kila upepo unapovuma

Mimea ya kivulini yenye majani mapana hushika upepo kama tanga, na chungu chembamba cha plastiki chenye udongo mwepesi hakina uzito wa kuizuia. Chagua chenye kitako kipana kinachokaribia upana wa mdomo, au kiweke ndani ya chungu kizito cha nje chenye matundu. Ukihitaji kuongeza uzito, weka mawe katika nafasi iliyo kati ya vyungu viwili, si ndani ya udongo wa mmea. Vyungu vya udongo na vya saruji huwa na uzito wa kutosha vyenyewe, ila vipangwe mahali pake vikiwa vitupu, kwa kuwa chungu chenye upana na kina cha sentimita 40 hubeba zaidi ya lita 30 za mchanganyiko, na kikishalowa si cha kuinuliwa na mtu mmoja.